Mwaka Niliokaa Kiti cha Nyuma

Habari ya Raya ilinikuta njiani. Nilikuwa natoka Amani kwenda Mnazi Mmoja kuwachukua wakunga, simu ikalia, nikaiacha ilie, maana mimi si katika hawa madereva wa siku hizi wanaoendesha kwa mkono mmoja na mwengine uko sikioni. Ikakatika, ikalia tena, kisha ukaingia ujumbe. Nikajua kuna jambo. Nikatazama kioo, nikawasha indiketa ya kushoto, nikasogea pembeni mbele ya duka la vipuri, nikasimama. Alikuwa binti wa Raya, kanitumia sauti kutoka Maskati. Alisema mama kaondoka alfajiri, wameshamzika baada ya adhuhuri, na sisi wa Unguja tumwombee dua. Sauti ya yule mtoto ni Raya mtupu, ile ile inayokatika mwisho wa neno mtu akadhani anataka kucheka, na nilikaa nikiisikiliza tena na tena, si kwa ajili ya habari, kwa ajili ya sauti. Indiketa yangu ilikuwa bado inapiga. Kijana mmoja wa bodaboda akanipita akiniuliza kwa hasira, bi mkubwa, unakwenda au huendi? Nilikuwa nawaza kwamba shoga yangu yuko chini ya mchanga wa ugenini, na mimi niko hapa nimeshika usukani uliokuwa wake.

Nasema wake na sikosei. Kazi hii ya kuwaendesha wakunga, ambayo nimeifanya tangu ujana na sasa nimebakisha kidogo nistaafu, ilikuwa ya Raya. Mwaka ninaousema tulikuwa wasichana tuliomaliza skuli, tunakaa Kikwajuni, nyumba zimepakana ukuta mmoja, hata akikohoa namsikia. Yeye alilelewa na ami yake, Ami Nassor, na mke wa ami, Bi Shani. Mwaka huo kituo kimoja cha uzazi kilikuwa kinatafuta dereva mwanamke wa kuwapeleka wakunga mashamba, kwa sababu huko baadhi ya waume hawakupenda gari ya mwanamme ije kusimama uani kwao wakati mke anaumwa uchungu. Wanawake wenye leseni mjini siku hizo ungeweza kuwataja kwa majina yao na ya baba zao. Raya aliposikia habari ya kazi ile alikuja mbio kwangu na unga mikononi. Na kabla furaha yake haijapoa, ikaja posa.

Tuliisikia tukiwa jikoni. Ukumbini kwa Ami Nassor kulikuwa na wageni, na sisi wawili tulikuwa tumewekwa kupika mikate ya kumimina, Raya anamimina, mimi nafunika na kufunua. Kati yetu na wanaume palikuwa na pazia tu. Mgeni mmoja alikuwa anamweleza Ami habari za jamaa yao wa Maskati, kafiwa na mke, ana duka la vitambaa, mtu wa swala, havuti hata sigara, na amesikia kwamba hapa kuna mtoto mwenye adabu. Hakulitaja jina. Halikuhitaji kutajwa, mtoto ndani ya nyumba ile alikuwa mmoja. Raya akasimama na upawa mkononi, uji wa mkate unachuruzika juu ya jiko, na mimi nikasahau kufunua, mkate ukaungua mpaka Bi Shani akaja kutuuliza tumelala au vipi. Ami Nassor akasikika akisema kwamba apewe muda, na mgeni akasema muda upo, lakini wao wangependa jambo liishe baada ya Idi. Wakahamia kwenye habari za bei ya karafuu, wakala mikate yetu, wakaisifu.

Nataka nimtendee haki Ami Nassor, ingawa moyo wangu haupendi. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa fundi wa kushona kanzu, mtaratibu, anayekwenda na vespa yake pole pole mpaka watoto wanampita kwa miguu, na Raya alimpenda kwa mapenzi yote ya mtoto asiye na mwengine. Siku ya pili Raya alimwendea akiwa kwenye cherehani, akakaa chini, akamwambia kwamba hataki kwenda Maskati, kwamba kuna kazi anaitaka, ni ya wanawake watupu, na anaomba aachiwe. Mimi nilikuwa kizingitini na sinia la vikombe. Ami aliendelea kushona mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno. Kisha akatoa sharti lake mbele ya Bi Shani na mbele yangu, ili tuwe mashahidi. Akaipate leseni kabla ya Ramadhani. Akiipata, yeye mwenyewe atawajibu watu wa Maskati kwamba mtoto ana kazi yake. Asipoipata, atakwenda. Na mtihani ni mara moja tu, asije akamzungusha mwaka mzima na yeye ana watu wanaosubiri neno lake. Raya akambusu mkono. Alitoka pale anang'ara, ananivuta nguo, kwa sababu hakuwahi kushindwa mtihani wowote tangu azaliwe.

Basi hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye gari ile. Ami hakukubali mtoto wake akae peke yake na mwanamme, hata kama mwanamme mwenyewe ni mwalimu na ana wajukuu, kwa hiyo nikapewa kazi ya kukaa kiti cha nyuma. Mwalimu alikuwa Mwalimu Haji, mtu wa Makunduchi, mnene, kitambaa cha jasho begani, hodari wa kulalamika. Gari yake ilikuwa ndogo, rangi yake ya bluu imechujuka, na indiketa zake zilikuwa zimeshakufa zamani, upande huu na ule. Mwalimu Haji hakuona haya hata kidogo. Alisema taa ni za wavivu, dereva wa kweli huonesha kwa mkono, unatoa mkono wa kulia nje umenyooka ikiwa unakwenda kulia, unauzungusha ikiwa unakwenda kushoto, unaupandisha na kuushusha ikiwa unapunguza mwendo. Siku ya mwanzo Raya alipotoa mkono, upepo uliuvuta mkono wa buibui mpaka kwenye kiwiko, na habari ikafika nyumbani kabla yetu. Bi Shani alichukua mpira wa suruali akaushona kwenye ncha za mikono ya lile buibui, yote miwili, ukabana mpaka ukaacha alama. Toka hapo Raya alitoa mkono wake nje ya dirisha la gari kwa raha zake, na mtaa mzima ukajua anakwenda upande gani.

Nilijifunza kwa kusikiliza, sikuwa na la kufanya. Mwalimu Haji alikuwa na maneno yake aliyoyarudia mpaka leo yanajirudia kichwani mwangu kwa sauti yake. Kioo kwanza. Halafu mkono, na mkono utoke mapema, si umefika kwenye kona ndiyo unakumbuka, maana wa nyuma si mpiga ramli. Ukienda kulia sogea katikati ya barabara, subiri, anayekuja mbele yako apite kwanza, huyo ana haki kuliko wewe. Anayevuka kwa miguu naye apite. Ndipo ukate, na usiile kona. Lakini ukiwa wewe umo katika barabara kubwa na mwengine anatoka njia ndogo, yeye ndiye wa kusubiri, na wewe usisite, kwa sababu ukisita unawachanganya wote. Jioni tulikaa kwenye mkeka kwa Bi Shani, tukaeneza visahani kuwa nyumba, tukapanga tende kuwa magari, Raya akinifunza kile alichofunzwa. Tende ya kwangu ilikuwa daima lori. Bi Shani akitupita na chai ya mchaichai hutuuliza tangu lini tende zikachezewa, kisha husimama akatazama, na siku moja alituuliza kwa sauti ndogo, hii hapa ikikutana na hii, inayopita ni ipi? Raya akamwonesha. Bi Shani akafikiri, akasema kwamba basi Ami yenu kila siku anakosea. Tulicheka mpaka tukakumbatiana.

Alikuwa anakosea kweli, na si yeye peke yake. Jambo lililomuudhi Mwalimu Haji kuliko yote ni kwamba watu wa Unguja, akisema yeye, humpisha wanayemjua. Gari mbili zikikutana husimama ubavu kwa ubavu katikati ya njia, madereva wakaulizana habari za mgonjwa na za mtoto aliyeko ng'ambo, na walio nyuma husubiri bila ya honi, kwa sababu nao kesho watafanya hivyo hivyo. Raya ndiye aliyekuwa na maradhi haya kupita kiasi. Akimwona mwalimu wake wa chuo cha Kurani anakuja na baiskeli kutoka kichochoroni, breki. Akimwona bibi mmoja aliyepata kumpa kanga utotoni, breki, na kichwa dirishani, shikamoo, hujambo, mguu unaendeleaje. Mwalimu Haji hushika kichwa. Alikuwa akimwambia shikamoo aitoe kwa kichwa na gari iende zake. Raya husema ndiyo mwalimu, samahani mwalimu, na kona inayofuata akamsimamia mwengine. Mimi nyuma nacheka. Tulilichukua kuwa ni mchezo.

Nikikaa sasa nikafikiri, naona tulifunzwa kupisha kabla ya kufunzwa kusema. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba, wawili hawapiti bila mmoja kujibanza ukutani, na tangu tunatembea tulijua anayejibanza ni mdogo. Nilikuwa nikienda na Raya kupeleka kanzu za Ami kwa wateja wake Shangani na Malindi, yeye mbele na furushi kichwani, na kila akitokea mkubwa alikuwa ameshaupa ukuta mgongo, macho chini, hata mimi sijamwona huyo mtu. Mwili wake ulikuwa unajua wenyewe. Hakuna aliyemwambia Raya kwamba iko sehemu moja duniani ambapo mtoto ana haki ya kupita kwanza na mkubwa ana wajibu wa kungoja. Mwalimu Haji alimwambia, lakini kwa miezi tu, na ule ukuta alikuwa ameuegemea maisha yake yote.

Siku moja iliyo bora katika mwaka ule ilikuwa alasiri moja tuliporudi kutoka njia ya Jozani. Mwalimu Haji alimwachia Raya aendeshe moja kwa moja mpaka mjini, na yeye kwa mara ya kwanza akanyamaza. Raya aliendesha vizuri, naweza kusema hivyo kwa kujua, maana tangu hapo nimekaa na madereva wengi. Gari ilikuwa inakwenda kwa utulivu hata usingizi ulinijia. Tulisimama Forodhani, Mwalimu akaenda kuswali, sisi tukanunua muhogo wa kuchoma na pweza, tukala garini na vidole vyetu vina pilipili. Nilimuuliza, na kama hukupata? Alitafuna kwanza. Akasema, "Nitapata. Nikenda kule, Zuhura, nitakuwa mgeni mpaka nife. Watu watanipenda na nitakuwa mgeni." Halafu akanyoosha kidole kwenye barabara ya pwani, akanionesha gari iliyokata kona bila ya kutoa ishara, akaitukana tusi la kike ambalo sitaliandika hapa.

Mtihani ulikuwa siku ya Jumatano, Shaaban imeshaingia. Mwalimu Haji alikuwa amenipeleka na mimi niandikishwe, kwa sababu alikwishagundua kwamba wa kiti cha nyuma anajua kila kitu, na alinipa usukani mara chache viwanjani, Ami akiwa hana habari. Afande aliyetutahini alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya upole. Alikaa mbele kushoto, mimi nyuma, Raya kwenye usukani na lile buibui lake la mpira. Aliendesha hadi nikaona afande mwenyewe kalegea kitini. Tulizunguka kipilefti, aliwapisha wa kulia, akatoka vizuri. Tukateremka barabara kubwa kutoka Michenzani, afande akamwambia akate kulia, aingie njia ya ndani inayokwenda Kisiwandui. Raya akatazama kioo. Akatoa mkono, umenyooka, mapema. Akasogea katikati. Kulikuwa na gari ya mchanga inakuja mbele, akaisubiri ikapita. Barabara ikawa nyeupe, nyuma ya ile gari ya mchanga kwa mbali kukawa na lori jengine tu. Nafasi ilikuwa tele. Akaanza kukata.

Kwenye mdomo wa ile njia ndogo ilikuwapo vespa. Mimi nilimwona kwanza, kwa kuwa sikuwa na kazi: kanzu nyeupe, kofia, kikapu cha samaki kati ya miguu. Ami Nassor alikuwa anatoka sokoni na alikuwa haangalii huku wala huku, anaingia barabara kubwa pole pole kama alivyoingia siku zote. Wa kungoja alikuwa yeye. Nilitaka kusema, Raya, usisimame, lakini mdomo wa aliyekaa nyuma katika mtihani haufunguliwi. Nikaona bega lake linashuka. Breki. Gari ikasimama imekingama barabara, nusu huku nusu kule, na Raya akaurudisha mkono wake ndani, akauweka kifuani, akainamisha kichwa. Akasema, shikamoo Ami. Ami Nassor akamwona, uso ukamfunguka kwa furaha, akajibu marahaba mwanangu, akapita mbele yetu taratibu na samaki wake, akakata kulia, akaenda. Lile lori la mbali halikuwa mbali tena. Lilikuja kusimama pembeni ya mlango wangu, matairi yanalia, na vumbi likatuingia sote midomoni.

Afande alimwacha dereva wa lori amalize matusi. Kisha akamuuliza Raya kwa ile sauti yake ya upole, nani aliyekuwa na haki ya kupita. Raya akasema, "Mimi." Akamuuliza kama alilijua hilo wakati anasimama. Akasema alilijua. Akamuuliza, sasa kwa nini? Raya akasema, "Ni ami yangu." Yule afande akageuza uso akatazama dirishani, na nadhani na yeye alikuwa na ami yake. Akasema, "Mwanangu, ungetuua sote," akamwambia ateremke, na akaniita mimi mbele. Nilikaa kwenye kiti ambacho joto lake lilikuwa halijatoka. Nikaendesha. Hakuna mtu aliyenitokea njiani, si mwalimu wa chuoni wala bibi wala ami, mji mzima ulinipisha mimi, na nyuma yangu nilikuwa nasikia Raya anavuta pumzi pole pole kwa pua ili asisikike analia. Nilipoambiwa nimepita, yeye ndiye aliyeniwekea mkono begani.

Mchana ule tulikula kwa Ami Nassor. Samaki waliotupita njiani walikuwa sasa ndani ya mchuzi wa nazi, na yule mgeni aliyeleta posa alikuwa amekaribishwa. Wanaume walikula ukumbini, sisi na Bi Shani nyuma ya pazia. Ami alikuwa mchangamfu. Kabla hajauliza lolote alianza kumhadithia mgeni wake, kwa sauti ya kutaka na sisi tusikie, kwamba leo mtoto huyu kamfanya ajione mfalme. Kasimamisha gari katikati ya barabara, mbele za watu na afande, kamwinamia na kumpa shikamoo yake, na malori yanangoja. Mgeni akasema mashaallah, huyo ndiye mtoto. Bi Shani aliacha kula. Alimtazama Raya, akanitazama mimi, na mkono wake ukabaki ndani ya sahani. Hapo Ami ndipo aliponadi kupitia pazia, haya, Raya, vipi mtihani, umepata?

"Sijapata, Ami," Raya akasema.

Kisha Ami akasema basi, ndivyo Mungu alivyochagua, na hakuna achagualo Yeye likawa baya. Alisema kwa huzuni, sitamsingizia. Nilikuwa nimeshafungua kinywa. Raya akanibana paja kwa kucha zake kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Tulipotoka uani kunawa nilimwambia kwamba ninakwenda kusema, sasa hivi, Ami akijua atamruhusu arudie. Akanishika kifundo cha mkono, maji yanatuchuruzika sote. "Ataniruhusu," akasema. "Na kila akiniona ataona kosa lake, na mbele ya mgeni wake. Mtu kanilea huyu. Ukimwambia, Zuhura, mimi na wewe basi, hata nikifa." Bi Shani alikuwa kwenye mlango wa jikoni. Alisikia, akarudi ndani, akaanza kuosha sahani, na yeye pia hakusema, mpaka alipozikwa.

Wiki iliyofuata Raya alinishika mkono akanipeleka mwenyewe kituo cha uzazi. Aliwaambia wale wauguzi kwamba yeye kajaaliwa safari, na dereva wao ni huyu. Nilikataa njia nzima na nililia mbele yao, na yeye akawaambia msijali, hulia hivi lakini kona anazijua. Baada ya Idi harusi ikafanywa, ikawa nzuri, na siku ya kuondoka Ami Nassor akaniomba mimi niwapeleke uwanja wa ndege kwa gari ya jirani, kwani nilikuwa na leseni. Raya alikaa nyuma na hina mpaka kwenye viwiko, Ami mbele na mimi. Nilikuwa siioni barabara kwa machozi. Kila tulipokaribia kona nikasikia sauti yake nyuma ya shingo yangu, ndogo, ili Ami asisikie: kioo, Zuhura. Mkono. Sasa subiri. Sasa nenda.

Alikwenda akakaa kule maisha yake yote. Mume hakuwa mbaya, alimpa kila kitu na alimpa dereva, kwa hiyo Raya hakuendesha tena. Alikuja mara moja, watoto wake wakiwa wadogo, nikampa ufunguo wangu pale pale barazani. Aliushika, akaupima uzito, akanirudishia, akasema ameshasahau. Hakuwa amesahau. Kila tukizungumza kwa simu, badala ya kuniuliza habari za watu, huniuliza leo nimekwenda wapi na nimepita njia gani, na mimi humpitisha kona kwa kona, Tunguu, Kitogani, Makunduchi, na yeye hunikatiza, hapo uliwapisha wanaovuka skuli? Miaka yote hiyo nimefika kwenye nyumba nyingi ambamo watoto wanazaliwa, na sijawahi hata siku moja kukaa kwenye kiti kile nikasahau ni cha nani. Na Ami Nassor nilimwamkia, nilimpelekea futari, nilimchukua hospitali macho yalipoanza kumfa. Nikamchukia, kimya kimya, na adabu zote.

Khitma ya Raya ilisomwa nyumbani kwa Ami Nassor. Watu walipotawanyika kijana wa jirani anayemwangalia akaja kuniita, akasema babu ananitaka chumbani. Alikuwa kalala ubavu, amebaki mifupa, na tangu habari ije alikuwa hajatia kitu kinywani isipokuwa maji. Nilimpa shikamoo, nikakaa pembeni ya kitanda. Alinitafuta mkono akaupata. Akaniuliza, "Zuhura, wewe ulikuwa naye garini siku ya mtihani. Mtoto alikosea nini?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni tangu ujana wangu. Nililipanga njiani, nililipanga jikoni, mara nyengine nililisema peke yangu nikiwa kwenye usukani, kwa sauti, maneno yote, mpaka lori na vumbi lake. Na sasa aliyenikataza hayupo. Nikamtazama yule mzee anavyogeuza sikio lake kwangu, na kitu kimoja tu kilichonijia ni zile kucha za Raya kwenye paja langu. Nikasema, "Klachi, Ami. Aliiachia upesi, gari ikazimika."

Akauliza, "Klachi?" Nikamwambia ndiyo. Machozi yakaanza kumtoka kwenye yale macho yasiyoona, akakibana kiganja changu, na akasema, "Alhamdulillahi. Maana mimi nilimpita siku ile, alinisimamia. Miaka yote nilikuwa nikihofu kwamba ni mimi."

Yeye akapumua, pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo, akasema anahisi njaa, kama kuna chochote. Nikaenda jikoni, nikamletea wali na mchuzi uliobaki wa khitma, nikamlisha kwa mkono wangu, tonge kwa tonge. Alikula wote, akanishukuru, akaniombea dua, akalala. Nami sijamsamehe.